Nani anafadhili uongozi wenyewe, si miradi tu?

Naongoza shirika dogo lisilo la kiserikali, mwaka wa sita sasa. Wafadhili wanalipia semina, lakini mshahara wa mhasibu hawataki hata kuusikia. Usiku nafunga vitabu mwenyewe. Nimechoka kweli. Kuna wakfu unaofadhili uongozi?

Jibu la 1: Pole sana, mwenzangu. Wapo. Mwaka 2016 Ford Foundation, wakfu wa Marekani, ilianzisha mpango wa BUILD: dola bilioni 1, ruzuku za miaka 5, fedha zisizofungwa kwenye mradi mmoja, pamoja na fungu la kuimarisha taasisi yenyewe. Gharama za uendeshaji ziombe waziwazi; ukizificha ndani ya semina, mfadhili ataamini hazipo.

Jibu la 2: Tazama pia wakfu za jamii, yaani zinazokusanya michango na kugawa ruzuku katika eneo lao. Ya kwanza ilianzishwa Cleveland, Marekani, mwaka 1914. Nimewahi kukaa kwenye kamati ya wanajamii inayogawa ruzuku. Mama mmoja aliuliza, “Huyu kiongozi akiugua, nani atashika kazi?” Fomu yetu haikuwa na swali hilo. Tuliliongeza.

Muuliza swali: Asanteni. Hilo swali la mama limenigusa. Kwetu jibu ni hakuna. Naanza nalo kwenye ombi langu.