Mnaojitolea kusaidia wanaopigwa majumbani, tupeane uzoefu

Mama Wawili: Habari za jioni wapendwa. Mtaani kwetu tumeanzisha kikundi cha kujitolea kusaidia wanaofanyiwa ukatili na wenza wao (wanaume wamo pia, msicheke). Semina tumepata, vipeperushi tunavyo. Nataka yale ambayo vipeperushi havisemi. Majina ya watu msitaje.

Bibi Ushungi: Mimi ni msaidizi wa kisheria huku Mbeya. Wengi humwendea mwathirika na neno moja tu: "Muache!" Aende wapi? Watoto wanasoma, shamba lina jina la mume, na mahari kwao ilishaliwa. Mimi huanza na: leo utalala wapi? Halafu tunaandaa mfuko: kitambulisho, kadi za kliniki za watoto, nauli kidogo. Mfuko huo unakaa kwa jirani anayeaminika. Akirudi kwa mumewe simnunii, maana nikimnunia, siku mambo yakichacha hatanitafuta.

Kasuku: Kumsindikiza ndiyo kazi yenyewe. Akienda kituoni peke yake anaweza kujibiwa "mkayamalize nyumbani". Tukienda naye tunaulizia Dawati la Jinsia na Watoto moja kwa moja, tunachukua PF3 (fomu ya polisi ya kupeleka hospitali), tunaelekea hospitali. Kuna afande mmoja wa kike alifunga mlango, akatia simu yake kwenye droo, akavuta kiti akakaa upande wetu wa meza. Yule mama alieleza yote bila kuulizwa mara mbili.

Nesi Mstaafu: Naongezea. Kama amebakwa, na mume naye hubaka, asioge wala asifue nguo. Ziwekwe kwenye bahasha ya karatasi, si rambo la plastiki, zitaota ukungu. Dawa za kuzuia VVU zianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Msisubiri kesho.

Mzee wa Busara: Mnavunja ndoa za watu. Ya chumbani yana wazee wake.

Kasuku: Mzee wangu, shikamoo. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66: hakuna mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya kipigo. Hiyo si sheria ya vijana wa juzi.

Dereva Bodaboda: Kuhusu elimu kwa jamii, zile Siku 16 za kupinga ukatili wa kijinsia, kuanzia 25 Novemba hadi 10 Desemba, tunavaa fulana, tunaandamana, tunakunywa soda, basi. Kilichofanya kazi kwetu ni kijiweni, saa nane mchana abiria wakiwa hakuna. Hakuna spika, hakuna mgeni rasmi. Dada mmoja alikuja akauliza: "Dada yako akipigwa, ungetaka jirani afanye nini?" Ubishi ulichukua hadi magharibi, wengine wakitetea kofi "la kufundisha". Ila sisi ndio tunaobeba akina mama usiku wakiwa peku, na sasa tunajua wa kumpigia.

Mpwani: Mlioko Kenya, namba ya msaada kwa wanaofanyiwa ukatili ni 1195, kupiga ni bure.

Mama Wawili: Asanteni sana. Tunataka kubandika namba zetu za simu sokoni, ni sawa?

Bibi Ushungi: Za kwenu binafsi msithubutu, mwanangu. Kuna mume alinitukana kwa simu usiku kucha. Nunueni laini ya kikundi muishike kwa zamu, na anayepiga akikata ghafla msimpigie nyinyi. Huenda simu imeshachukuliwa na mwenza wake.