Mjadala: Natiki iliuliwa na runinga, au tuliiua wenyewe?

Assalaam aleikum wana Unguja na wana Pemba. Kila ikitajwa michezo ya zamani barazani, hukumu ni ile ile: TVZ, runinga ya Zanzibar, ndiyo iliyotuharibia. Ati ilipoanza mwanzoni mwa miaka ya 1970, tena ya rangi, na wenzetu wa Bara wakingoja mpaka miaka ya 1990, watu walijifungia ndani na natiki ikafa. Mie sikubali, na nataka tubishane.

Kwa vijana wasioijua: natiki ni vichekesho vilivyokuwa vikiigizwa baina ya nyimbo, kwenye taarabu za kina mama na kwenye kidumbak, ile taarabu ndogo ya mitaani ya ngoma na sanduku. Nyimbo mbili tatu, natiki, kisha nyimbo tena. Watoto tulikaa mbele kabisa kwenye jamvi, karibu na mpiga sanduku, lile besi la boksi la mbao, karabai inavuma juu yetu. Anatoka mama mmoja kavaa kanzu na koti la mumewe, masharubu kayachora kwa masizi, bakora mkononi, anamwita mkewe alete chai. Mke kimya, anajipaka wanja. Anaita tena, sauti inamkatika, mke anageuza kioo upande wa pili. Watu hoi! Kina mama wananyanyuka kumtunza huku wanafuta machozi. Tulicheka kwa sababu mwendo ule tulikuwa tunaujua ni wa nani, na kesho yake mwenyewe akipita kwenda sokoni mtaa mzima unamtupia jicho. Runinga ingeyatoa wapi hayo?

Tena nani alikuwa na seti yake nyumbani siku hizo? Wengi tuliitazama hadharani, tumebanana, na TVZ yenyewe ikirusha taarabu na michezo ya kuigiza. Ilituchukulia saa za jioni, hilo nakubali. Desturi ya kukusanyika haikutuondolea.

Ninayemshitaki mie ni rusha roho, taarabu ya kisasa ya miaka ya 1990. Kijembe kilichokuwa kazi ya natiki kikaingia ndani ya wimbo, kinanda cha umeme kikaja, watu wote wakasimama kucheza. Nani tena akae chini kungoja mchezo? Shughuli zikasogea usiku mkubwa, kiingilio kikapanda, mtoto akabaki nyumbani. Huo ulikuwa uamuzi wa watu wazima.

Wapo watakaosema natiki ilikuwa na maneno ya kikubwa, mtoto hakustahiki kuwepo. Kweli, tulikuwa tukifukuzwa, na wapo majirani walioumia kwa kuigizwa. Hoja hiyo naiheshimu kuliko ya runinga.

Sasa wapo wanaotaka jumba la sinema la Majestic pale Vuga, mjini Unguja, lifufuliwe. Naliombea heri. Lilijengwa upya miaka ya 1950 baada ya jengo la awali, lililoanza 1921 kwa jina la Royal, kuungua, na sie watoto wa Ng'ambo, mitaa ya nje ya Mji Mkongwe, tulilijua kwa filamu za Kihindi za sikukuu. Lakini ikiwa pesa ni za umma, zianzie ukumbi wa Raha Leo huko Ng'ambo na viwanja vya skuli, baada ya alasiri, kiingilio cha bei ya urojo. Tamasha za Ngome Kongwe, kule Mji Mkongwe, zina watu wake tayari.

Nipingeni. Na ndugu zangu wa Wete na Chake, kwenu natiki ilikoma lini, kabla ya runinga kufika kijijini au baada yake?