Kongamano la teknolojia Kisumu: mnawahoji vipi waanzilishi wa kampuni changa hadi mpate habari yenye uzito?

Mwandishi_Kondele:
Wadau, habari zenu. Wiki ijayo naripoti kongamano la siku mbili la teknolojia hapa Kisumu kwa ajili ya tovuti ya habari za kaunti. Kwenye ratiba kuna waanzilishi zaidi ya ishirini: boda za umeme, majokofu ya sola ya samaki, programu za kuunganisha wakulima na wanunuzi, mikopo ya simu. Mhariri anataka habari tatu na mahojiano mawili ya sauti. Nichague nani? Niulize nini ili nisirudi na maneno ya tangazo? Takwimu nitazithibitisha vipi wakati habari inatakiwa jioni hiyo hiyo? Tena kuna suala la sauti: nina simu ya Android na maiki ya kubana kwenye kola ya bei nafuu, na ukumbi umeezekwa mabati.

DawatiLaMagharibi:
Karibu. Orodha ipunguze leo, usingoje siku yenyewe. Ishirini hutawamaliza. Sita unawamudu, na kati yao wawili ndio watakaobeba mahojiano marefu. Chuja kwa swali moja: kitu chenyewe kitakuwepo ukumbini, na kuna mtu anayekitumia ambaye unaweza kumpigia simu? Mwenye slaidi tu, bila kifaa, angoje. Aliyeleta boda, jokofu au programu inayofanya kazi, mwandikie mapema umwombe dakika kumi na tano kabla ya saa nne asubuhi. Baada ya chakula cha mchana wafadhili huwa wamewazingira, na hutapata utulivu.

Mkikaa, usianze na "tuambie kuhusu kampuni yako". Hapo atakusomea yale aliyowakariria wawekezaji. Anza na mteja mmoja: "Mtu wa mwisho kukulipa alilipa shilingi ngapi, kwa kazi gani, na kabla yako alikuwa akitumia nini?" Jibu litakupa bei, mnunuzi na mshindani kwa mpigo. Mshindani mara nyingi si kampuni nyingine. Ni daftari, ni barafu ya kununua ufukweni, ni dalali mwenye kabambe, simu ndogo ya vitufe. Akijibu "wakulima wadogo" au "vijana", mrudishe taratibu: mmoja, wa wadi gani, anafanya kazi gani. Jina si lazima.

Kisha omba kukiona kikifanya kazi, na ukione kwenye simu yako, kwa bando lako. Simu ya mwanzilishi imeshapangwa, iko kwenye waifai ya ukumbi na ina akaunti yenye data nzuri. Ukiwa katikati ya kujaza fomu, weka simu kwenye hali ya ndegeni, subiri kidogo, halafu uirudishe. Ulichoandika kimehifadhiwa au kimepotea? Kwa programu inayosema ni ya wavuvi wa Dunga au wakulima wa Nyando, jambo hilo ni kubwa kuliko hotuba nzima ya jukwaani. Kama ipo ya USSD, yaani menyu ya kupiga kwa nyota na reli bila intaneti, ipige mwenyewe uone kama menyu inakatika kabla hujamaliza, na uulize nani analipia kila kipindi cha USSD, mteja au kampuni.

Swali la mwisho lisikose kamwe: "Kinachoharibika mara nyingi zaidi ni nini, na nani anakitengeneza hapa Magharibi?" Aliye kazini kweli atajibu papo hapo: mpira wa mlango wa jokofu, soketi ya chaja iliyoingia maji, wakala aliyehama laini. Atakuambia na kipuri kinatoka wapi na kinachukua siku ngapi kufika. Anayesema hakuna kinachoharibika, bidhaa yake bado haijafika mikononi mwa watu wengi, na hilo lenyewe unaweza kumuuliza.

FundiSauti_Nakuru:
Mimi nashika upande wa sauti tu.

Kwanza tazama pini ya maiki yako. Ikiwa na mistari miwili myeusi, imetengenezwa kwa kamera, na simu nyingi hazitaitambua. Inayofaa simu ina mistari mitatu. Ubaya ni kwamba simu haitakuonya. Itaendelea kurekodi kwa maiki yake ya ndani, nawe utagundua nyumbani. Kipimo ni rahisi: anza kurekodi, gonga maiki ya kola kwa ukucha, kisha gonga mwili wa simu, halafu usikilize. Kama mgongo wa simu ndio unaosikika kwa nguvu zaidi, maiki ya nje haijashika. Simu isiyo na tundu la duara inahitaji kiunganishi cha USB-C, na vingine vya bei ya chini hupitisha sauti ya kusikiliza pekee. Fanya kipimo hicho hicho.

Tumia programu ya kurekodi inayokuruhusu kuchagua WAV (faili la sauti lisilobanwa), kHz 48, biti 16, mono. Hiyo hula karibu MB 6 kwa dakika, yaani kama MB 350 kwa saa. Acha nafasi ya angalau GB 2. Weka hali ya ndegeni kabla ya kubonyeza, maana simu ikiita, programu nyingi husimama na zingine hazijiendelezi. Kwenye kipimo cha programu, vilele vya sauti vicheze karibu na -12 dB. Vikigonga sifuri sauti imepasuka, na hakuna programu itakayoirudisha vizuri.

Maiki ibanwe kifuani, sentimita 15 hadi 20 chini ya kidevu, mbali na mkufu na ile kamba ya beji ya kongamano. Kamba hiyo ndiyo chanzo kikubwa cha mikwaruzo, mwombe aivue. Acha waya ulegee kidogo, kisha uufunge kwa klipu ili ukivutwa usitikise maiki.

Mabati: Kisumu mvua ya radi hupenda kupiga alasiri, na ikianza chini ya mabati hakuna mahojiano. Hii ni sababu nyingine ya kuwahi asubuhi. Usikae chini ya feni, usikae upande wa jenereta. Ndani ya gari lililozimwa, vioo vimefungwa, ni studio nzuri kuliko chumba chochote cha hoteli chenye sakafu ya vigae. Kabla ya kuondoka rekodi sekunde 30 za kimya cha mahali hapo, utazihitaji kufunika viungo unapohariri.

Hotuba za jukwaani usizirekodi kutoka kitini. Muulize fundi wa mitambo kama mikisa yake, mashine ya kuchanganya sauti za ukumbi, inarekodi kwenye flashi. Usikubali akupe waya wa kuchomeka moja kwa moja kwenye simu. Mkondo wa mikisa una nguvu kuliko wa maiki, na utaipasua sauti yote. Betri ya akiba ya mAh 20,000 inatosha siku nzima, hata stima ikipotea.

HesabuKwanza:
Naongezea takwimu, kwa sababu hapo ndipo habari nyingi za makongamano huanguka.

"Tuna wateja 8,000" ni sentensi isiyo na maana mpaka uigawe mara tatu: waliojiandikisha, waliotumia ndani ya siku 30 zilizopita, waliolipa ndani ya siku hizo. Andika zote tatu. Akikupa moja tu, taja ni ipi. Programu ya Android unaweza kuilinganisha na Play Store, ambako upakuaji huonyeshwa kwa ngazi: 1,000+, 5,000+, 10,000+. Mtu akidai watumiaji 40,000 na ukurasa unaonyesha 1,000+, muulize wengine wanatumia njia gani. Huenda ni USSD, na hapo umepata habari nzuri zaidi.

Mauzo nayo. Samaki wa shilingi 2,000,000 wakipita kwenye jukwaa linalochukua asilimia 5, mapato ya kampuni ni 100,000. Waanzilishi wengi hutaja ile milioni mbili. Uliza: "Kwenye hiyo, iliyobaki kwenu ni ngapi?"

"Tumepata dola 100,000": ni ruzuku, mkopo, hisa, au ni vocha za huduma za wingu, yaani za kukodi kompyuta za mtandaoni? Zimeingia zote, au hutolewa kwa awamu kwa masharti?

Vifaa vya umeme, fanya hesabu mbele yake. Tuseme boda ina betri ya volti 72 na ampea-saa 40. Zidisha: Wh (wati-saa) 2,880. Pikipiki ya umeme yenye abiria hutumia takriban Wh 30 hadi 40 kwa kilomita, kwa hiyo betri hiyo inakupeleka kama kilomita 70 hadi 95. Akikuambia 150, anadai Wh 19 kwa kilomita. Usimwite mwongo. Muulize walipima kwa mwendo gani, wakiwa na uzito gani, na kama waliwahi kupanda kutoka Mamboleo hadi Kiboswa na abiria. Mara nyingi kipimo kilifanywa barabara tambarare bila mzigo.

Jokofu vilevile. Kutunza samaki walioganda ni kazi ndogo. Kugandisha samaki wa nyuzi 25 hadi -18 kunataka kuondoa joto la karibu Wh 100 kwa kila kilo. Basi kilo 100 kwa usiku mmoja ni kWh 10 za joto. Uliza paneli na betri ni za ukubwa gani, na siku mbili za mawingu zinakuwaje.

Usajili: fomu ya CR12, inayoombwa kupitia eCitizen, huonyesha wakurugenzi na wenye hisa. Iombe mapema, usitegemee itoke jioni hiyo. Mikopo ya simu, angalia orodha ya waliopewa leseni na Benki Kuu, kwa kuwa kanuni za wakopeshaji wa kidijitali zipo tangu 2022. Wanaokusanya data za watu, tafuta kwenye rejista ya Kamishna wa Ulinzi wa Data.

Njia ya haraka ya ukumbini: lipa shilingi 10 kwenye Paybill au Till yao, yaani namba yao ya kupokelea malipo ya M-Pesa, usome jina lililo kwenye ujumbe wa M-Pesa. Ni kampuni, au ni mtu binafsi?

DawatiLaMagharibi:
@HesabuKwanza hapo kwenye M-Pesa tuwe waangalifu. Kampuni changa nyingi hupitisha malipo kwa kampuni nyingine ya kukusanya pesa, au zina jina la biashara tofauti na la usajili. Jina geni ni sababu ya kuuliza, haliwezi kuwa ushahidi.

HesabuKwanza:
Sawa kabisa. Liulizwe, na jibu liandikwe.

Mwandishi_Kondele:
Asanteni sana. Mawili yamebaki. Mwanzilishi mmoja ameomba maswali yote mapema na kuisoma habari kabla haijatoka. Na waandaaji wametaja "nauli ya wanahabari".

DawatiLaMagharibi:
Mpe mada, usimpe maswali: bei, wateja, matengenezo, fedha. Hapo atakuja na tarakimu tayari. Habari nzima usimpelekee. Mpigie umsomee tarakimu na maelezo ya kiufundi tu, arekebishe kosa la ukweli, si sauti ya habari yako. Akitaka neno alilolisema kwenye rekodi liondolewe, hilo ni la mhariri kuamua.

Nauli mwachie mhariri ailipe. Bahasha ya mwandaaji usiipokee, hata ikiwa ni mia tano ya matatu. Kama tovuti imekubali tiketi au chumba cha hoteli, kitajwe chini ya habari.

Na wakikupa taarifa yenye masharti ya kutochapisha kabla ya saa fulani, kubali au kataa kwa maandishi kabla hujaifungua. Tayari umeisoma? Basi piga simu uulize kama saa hiyo bado ipo, maana mara nyingi mwanzilishi mwenyewe huwa ameshaitangaza jukwaani asubuhi.