Ushauri: Nataka kusoma kosmolojia, nimekwama kwenye tensa

Mwaka_wa_Pili: Wakuu, habari zenu. Nasoma digrii ya fizikia. Idarani kwetu hakuna kozi ya kosmolojia, yaani elimu ya ulimwengu mzima, na roho yangu iko huko. Likizo hii nikajitosa kwenye nadharia ya Einstein ya graviti, nikaanza na tensa, zile hesabu zinazotumika humo. Wiki ya tatu sasa, naona herufi zenye vinamba juu na chini, galaksi sijaiona hata moja. Nikomae au nimeanzia pabaya?

Kokotoa: Dogo, umeanzia pabaya. Tensa utazihitaji, ila si leo. Ulimwengu ukitazamwa kwa mapana unafanana kila upande, kwa hiyo swali linabaki moja: umbali kati ya galaksi unakuaje kadiri muda unavyopita? Chukua tufe la vumbi linalotanuka, weka graviti ya Newton na kanuni ya hifadhi ya nishati. Utapata mlinganyo wenye umbo lile lile alilolipata mwanahisabati Friedmann mwaka 1922 kutoka kwenye nadharia ya Einstein. Usiusome tu, utoe kwa mkono wako.

Mama_Nyota: Mwanangu, fanya na hii usiku huu. Ulimwengu unatanuka kama kilomita 70 kwa sekunde kwa kila megaparseki, na megaparseki moja, kipimo cha umbali wa galaksi, ni kilomita 3.09 × 10^19. Gawanya hizo kilomita kwa 70, utapata makadirio ya umri wa ulimwengu.

Mwaka_wa_Pili: Sekunde 4.4 × 10^17. Karibu miaka bilioni 14! Lakini mama, nimegawanya kana kwamba mwendo haukubadilika tangu mwanzo. Mbona inakaribia sana umri wa bilioni 13.8 ulio vitabuni?

Mama_Nyota: Hilo ndilo swali lenyewe. Kwanza graviti ilipunguza mwendo, baadaye nishati giza, kile kitu kisichoonekana kinachoharakisha kutanuka, ikauongeza, na athari hizo mbili zimekaribia kufutana. Huo mwendo kuongezeka ulitangazwa 1998 na timu mbili zilizopima supanova, yaani nyota zinazolipuka.

Kokotoa: Na fizikia ya joto usiidharau. Mwanga wa kale, uliobaki tangu ulimwengu ukiwa mchanga, ulianza safari kwenye kelvini 3000 hivi, ulimwengu ukatanuka mara 1100, nao ukapoa mara hizo hizo: leo tunaupima kelvini 2.725.

Mtu_wa_Data: Mimi natofautiana kidogo na Kokotoa: tensa zisizidi mwaka wa tatu, la sivyo utafiti utakuacha. Jifunze na Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta. Vipimo vya setilaiti ya Planck, iliyopima ule mwanga wa kale, ni bure mtandaoni. Badala ya ile 70 ya Mama_Nyota vinatoa 67, wanaopima kwa supanova wanapata 73, na mpaka leo hawajapatana.

Mwaka_wa_Pili: Asanteni sana. Tufe nimeshalichora, naanza na nishati.