Gazeti la mji wetu linaibeba Kentucky na kuisahau Louisville: tuandike barua au tuache kulilipia?

Kivu_Louisville (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni.

Niko Louisville, jimbo la Kentucky, Marekani. Jimbo hili halina timu ya NBA, kwa hiyo mpira wa kikapu wa vyuo ndio kila kitu. Kuna wekundu, yaani University of Louisville, na kuna bluu, University of Kentucky, ambao makao yao ni Lexington, mwendo wa saa moja na ushee kwa gari. Kazini, kanisani, hata kwa kinyozi, mtu hajakujua jina keshakuuliza rangi yako.

Sisi Wakongo, pamoja na Warundi na Watanzania kadhaa, tuna kundi letu la WhatsApp. Wengi tunapakia mizigo usiku uwanja wa ndege, na karibu wote ni wekundu, maana timu inacheza hapahapa mjini, KFC Yum! Center, kando ya mto Ohio.

Shida yetu ni gazeti la mji. Jina silitaji. Kentucky wakipata mchezaji anayehama kutoka chuo kingine, ni makala ndefu na picha kubwa. Sisi tukishinda, aya chache. Msimu wa 2022-23 tuliposhinda mechi 4 na kufungwa 28, hapo ndipo tulipoonekana kila kukicha, tena kwa kusimangwa. Machi 2025 kocha Pat Kelsey akaturudisha mashindano ya taifa kwa mara ya kwanza tangu 2019. Tuna ushindi wa mechi 27, tukapangwa nafasi ya 8 kwenye kanda yetu, na mechi yenyewe tukapelekwa kuichezea Rupp Arena, nyumbani kwa watani wetu! Creighton wakatufunga 89-75. Nilitegemea gazeti la kwetu liulize ni nani aliyepanga vile. Nilichokiona mimi ni Kentucky na kocha wao Mark Pope, asubuhi na jioni.

Sasa kundi limenichagua niandike barua kwa mhariri wa michezo kwa niaba ya wote. Wengine wanasema barua ya nini, tuache kulilipia wote kwa pamoja. Kijana mmoja anataka tumwandame mwandishi mtandaoni mpaka ajute. Mimi nasita. Sisi tumekuja juzi, wengine tumetokea kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania. Barua yenye majina kama yetu ikilalamikia mpira wa chuo itapokelewaje? Na ushahidi wetu unatosha?

Naombeni ushauri, hasa mliowahi kufanya kazi magazetini. Natanguliza shukrani.

Jangwani_Damu

Karibu kwenye maisha yetu, mkuu. Hapa Dar shabiki wa Yanga anakwambia gazeti hili ni la Simba, wa Simba anakwambia hilohilo ni la Yanga, na wote wawili wanalinunua. Acheni kulipa, watashika adabu.

Mkenya_wa_Lexington

Mleta mada, mimi ni bluu, kwa hivyo pokea haya ukijua yanatoka upande gani.

Huku Lexington ukimwambia mtu gazeti la Louisville linapendelea Kentucky, atacheka mpaka akae chini. Watu wetu wanaamini ni gazeti la wekundu tangu zamani, kazi yake kutuchimba. Na gazeti la hapa kwetu nalo tumeligombea sana. Oktoba 1985 Lexington Herald-Leader lilichapisha uchunguzi wa waandishi wawili, Jeffrey Marx na Michael York, kuhusu wachezaji wa Kentucky kupewa pesa na matajiri wanaoipenda timu, jambo lililokatazwa wakati huo. Wachezaji wa zamani walisema wenyewe, majina yakaandikwa. Unajua mashabiki walifanya nini? Waliacha kulinunua kwa wingi, na ofisi ikatishiwa bomu. Mwaka uliofuata, 1986, kazi ileile ikapata Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi wa habari Marekani.

Kwa hivyo huyo kijana wa kumwandama mwandishi mzuieni kabla hajaanza. Mkiandika, andikeni. Lakini msimtake mhariri awe shabiki wenu. Wa kwetu alikataa kuwa shabiki wetu, na leo hata sisi bluu tunaisimulia hiyo habari kwa fahari kidogo.

Kivu_Louisville

Kaka nimekusikia, lakini hapo umenigusa kidonda. Ubingwa wetu wa taifa wa 2013 ulifutwa kwa kashfa na NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, Februari 2018, bango likashushwa. Gazeti liliandika kila hatua ya kashfa ile. Sikatai, ni kazi yao. Ninachouliza, siku za furaha mbona hawaji kwa nguvu ileile?

Mhariri_Mstaafu

Nimekaa chumba cha habari miaka mingi, Afrika Mashariki kisha Amerika Kaskazini, dawati la michezo. Nitasema ninachokijua.

Kwanza, mwandishi anayesafiri na timu haandiki kichwa cha habari na hapangi ukurasa. Hayo ni ya wahariri. Mara nyingi mnamlaumu mtu aliyeandika maneno 900 mazuri, yakakatwa usiku akiwa amelala.

Pili, saa. Magazeti mengi ya majimbo siku hizi yanachapwa mji mwingine kabisa, mitambo ya nyumbani ilishafungwa kuokoa gharama. Kurasa zinafungwa mapema jioni. Mechi ikianza saa tatu usiku haiwezi kuingia kwenye karatasi ya kesho, na ya keshokutwa ni habari iliyopoa. Timu inayocheza mchana Jumamosi itaonekana imependelewa, kumbe ni ratiba ya televisheni tu. Kabla ya kulalamikia aya chache, angalieni mechi ilianza saa ngapi, na angalieni toleo la mtandaoni. Huenda makala ndefu iko huko.

Tatu, na hapa sitawatetea wenzangu: wasomaji. Kentucky wana mashabiki jimbo zima, kuanzia milima ya mashariki mpaka mto Mississippi, na hata mjini kwenu Louisville wapo wengi. Wekundu wengi wamekusanyika mjini. Mhariri anaona kwenye skrini yake, dakika kwa dakika, makala ipi inafunguliwa. Habari ya mchezaji mpya wa Kentucky italetea gazeti wasomaji kutoka kila wilaya. Huo ni upendeleo, ndiyo. Lakini hautokani na chuki, unatokana na hesabu za biashara, na barua ya hasira haibadilishi hesabu za biashara. Kuacha kulipa nako kunamfundisha mhariri jambo moja tu: kwamba wasomaji wekundu wamepungua. Kesho atawaandikia kidogo zaidi.

Ushauri wangu: barua iwe fupi, maneno 200 hivi, na iulize badala ya kutuhumu. Tenganisheni habari na maoni. Mwandishi wa safu ya maoni ana haki ya kuisimanga timu iliyofungwa mechi 28; hiyo msiiguse.

Mwanasaikolojia_Mtarajiwa

Nyongeza kwa mzee hapo juu. Mwaka 1951 Princeton na Dartmouth walicheza mechi ya mpira wa Kimarekani iliyokuwa vita: nyota wa Princeton alivunjika pua, mchezaji wa Dartmouth akavunjika mguu. Magazeti ya wanafunzi wa vyuo hivyo viwili yakaandika kana kwamba ni mechi mbili tofauti. Watafiti Hastorf na Cantril wakachukua filamu ya mechi, wakawaonyesha wanafunzi wa kila upande na kuwaambia waandike makosa waliyoyaona. Wa Princeton waliona wachezaji wa Dartmouth wakifanya makosa zaidi ya mara mbili ya yale waliyoyaona wa Dartmouth wenyewe. Filamu ni ileile. Utafiti ukachapishwa 1954.

Jangwani_Damu

Kwa hiyo sisi mashabiki ni vipofu?

Mwanasaikolojia_Mtarajiwa

Sijasema hivyo mkuu 😂 Nasema mpeni mtu asiyejali kikapu awahesabie. Shemeji, jirani, yeyote.

Bibi_Kadinali

Habari zenu wanangu. Nimesoma mpaka hapa nikisubiri mtu ataje timu ya wanawake, hakuna aliyethubutu.

Nimeishi Louisville muda mrefu kuliko wengi wenu. Kocha Jeff Walz yuko na mabinti wa Louisville tangu 2007. Amewafikisha fainali ya taifa 2009 na 2013, na nusu fainali tena 2018 na 2022. Mwaka ule wa 2022-23 wavulana wenu wanashinda mechi 4, mabinti wako robo fainali ya taifa! Haya, niambie Kivu, kwenye orodha yenu ya malalamiko wamo? Ninyi mnapimana na Lexington kwa sentimita za ukurasa, na hao wanaoshinda hapahapa mjini hamjawahesabu.

Na Bellarmine je? Chuo kiko Louisville, kilipanda Daraja la Kwanza la michezo ya vyuo 2020. Machi 2022 kikabeba ubingwa wa ligi yake, ASUN, kikazuiwa kwenda mashindano ya taifa kwa sababu kipindi cha mpito cha chuo kinachopanda daraja kilikuwa hakijaisha. Kama mnatafuta waliosahaulika na mji wao, anzeni hapo.

Andika barua, mwanangu. Lakini iwe ya mji mzima.

Mkenya_wa_Lexington

Bibi amemaliza. Heshima.

Wa_Zamani_1983

Wekundu mna haki ya kuwa na kinyongo, ila chanzo si gazeti. Kwa miongo mingi, mpaka 1983, Kentucky walikataa kucheza na Louisville katika msimu wa kawaida. Walikuwa wakubwa, hawakuona faida. Wakakutana kwa sababu mashindano ya taifa yaliwalazimisha, 26 Machi 1983, Knoxville. Dakika za kawaida ziliisha sare, kwenye nyongeza Louisville ya Denny Crum ikawazidi, 80-68. Tangu msimu uliofuata wakawa wanakutana kila mwaka. Shabiki mwekundu wa umri wangu alikua akiambiwa timu yake haina hadhi ya kuchezwa nayo. Ukishakua hivyo, ukiona picha ya bluu kwenye gazeti la mjini kwako inakuuma kuliko inavyostahili. Mliokuja juzi mmerithi kinyongo pamoja na jezi.

Kijana_Mwekundu502

Mimi ndiye huyo kijana anayesemwa. Sikusema tumtukane, nilisema tumuulize hadharani. Tofauti ipo.

Mhariri_Mstaafu

Ipo, mwanangu. Ila watu wengi wakimuuliza mtu mmoja usiku mmoja, kwake yote yanafika sawa. Wewe una jicho kali, fanya kazi nyingine: msimu ukianza, kila asubuhi andika makala gani imekaa juu, ya timu gani, mechi ilianza saa ngapi, ni habari au maoni. Wavulana, mabinti, Kentucky, Bellarmine. Msimu mzima, siyo wiki ile mliyokasirika. Hapo mtakuwa na kitu ambacho mhariri hawezi kukipuuza.

Na kuhusu majina ya kigeni, Kivu, ondoa hofu. Ukurasa wa barua unapenda sauti mpya. Msomaji anayelipia, anayeishi mtaa fulani wa Louisville, ni msomaji. Sema tu unaishi wapi.

Kivu_Louisville

Nimerudi baada ya kuongea na kundi. Wawili wameshaacha kulipia, siwezi kuwazuia. Waliobaki wamekubali barua, na Kijana_Mwekundu502 amekubali kuhesabu. Binti yangu, ambaye kikapu hakimhusu kabisa, atahakiki hesabu zake. Hii hapa rasimu, nitaitia Kiingereza mkishaipitisha:

"Mhariri wa michezo, sisi ni wakazi wa kusini mwa Louisville tuliotoka Kongo, Burundi na Tanzania, na tunalilipia gazeti lako. Tumechoka kusoma habari za Lexington kila siku. Tungependa kujua mnaamuaje ni timu ipi ya chuo itumiwe mwandishi wa kusafiri nayo, na ipi ikae juu ya ukurasa. Tunauliza pia kuhusu timu ya wanawake ya Louisville na kuhusu Bellarmine, ambao wako mjini kwetu na hatuwaoni vya kutosha. Msimu huu tutafuatilia, na mwisho wake tutakuletea tulichokiona. Tutafurahi ukitujibu ukurasani."

Bibi_Kadinali

Umeniwekea mabinti wangu. Ubarikiwe.

Mkenya_wa_Lexington

Hiyo sentensi ya Lexington imenichoma lakini nimevumilia.

Mhariri_Mstaafu

Iondoe hiyo sentensi ya pili, ni hasira, na ndiyo pekee wataikumbuka. Nyingine acha zilivyo. Weka jina lako kamili na namba ya simu chini. Namba haitachapwa, ila wengi hupiga kuthibitisha kabla ya kuitoa barua. Wewe unafanya kazi usiku, kwa hiyo waandikie na saa ambazo unapokea simu.