Tupeane uzoefu: deni lilivyokunyima usingizi, na mtu wa kwanza uliyemwambia

Mama Ntilie wa Mbagala

Ndugu zangu, habari za jioni.

Mwaka jana nilikwenda hospitali mara tatu. Usiku moyo unakwenda mbio, mikono inakufa ganzi, nikajua ni presha au nimetupiwa kitu. Wakapima presha, sukari, wakanibandika zile waya za kifuani, vyote salama. Mara ya tatu daktari mmoja kijana akaweka kalamu chini akaniuliza, "Mama, unadaiwa?" Nililia mpaka waliokuwa kwenye foleni wakaanza kuchungulia.

Nilikuwa na kausha damu tatu, ile mikopo ya mtaani ya riba kubwa. Ya kwanza laki tatu, mtaji na michango ya shule, rejesho kila Alhamisi. Biashara ikalegea, nikachukua ya pili kulipa ya kwanza, na ya tatu kulipa ya pili. Dhamana mnazijua: TV, godoro, mtungi wa gesi, vyote vimeandikwa kwenye fomu. Kwa hiyo Alhamisi alfajiri, baba watoto akishatoka, naifunga TV kwenye kitenge naipeleka kwa jirani, jioni naichukua kabla hajarudi. Mwanangu wa darasa la pili nilimfundisha akigongewa aseme "mama kasafiri." Siku moja mwalimu wake akaja kuulizia daftari. Hata salamu hajamaliza, mtoto kashasema, "Mama kasafiri." Mimi niko nyuma ya pazia. Siku ile iliniumiza kuliko deni lenyewe.

Naomba tuelezane: lilikukamata wapi mwilini, na ulimwambia nani kwanza? Majina ya watu na ya kampuni tuyaache.

Mwalimu, Tabora

Mimi nilikabidhi kadi ya benki na namba ya siri. Mshahara ukitoka, mkopeshaji ndiye anayetangulia kwenye mashine, mimi nasubiri nje anipe kilichobaki. Miezi kumi na minne hivyo. Nilianza kusahau majina ya wanafunzi niliowafundisha tangu darasa la kwanza, na kuna niliowachapa bila kosa.

Mke wangu akaambiwa nina nyumba ndogo, maana pesa haionekani nyumbani. Sikukanusha. Niliona afadhali adhani nina mwanamke kuliko ajue mwalimu mzima ananyang'anywa kadi. Nilikuja kumwambia mama yangu, kwa simu, baada ya mwaka mzima.

Kijana wa Kinondoni

Mikopo ya simu. Niliomba laki moja, ikaingia elfu sabini, na ndani ya siku saba nirudishe laki na ushee. Siku ya nane wakawaandikia watu wote waliomo kwenye simu yangu kwamba mimi ni tapeli na wao ndio wadhamini. Bosi, shemeji, fundi aliyenitengenezea mlango. Simu ikitetemeka nilikuwa naifukia kwenye ndoo ya mchele.

Nilifikiria kufa. Kulisema hilo kwetu ni kazi, maana Kanuni ya Adhabu inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa, na mtaani ukitaja daktari wa akili unaulizwa unapelekwa lini Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili. Shemeji ndiye aliyekuja. Alikuwa ameupata ule ujumbe, hakuniuliza pesa ilikwenda wapi, alilala sebuleni kwangu siku nne.

Novemba 2024 Benki Kuu ilipotoa orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila leseni, niliisoma yote mpaka mwisho. Kumbe tulikuwa wengi.

Bodaboda wa mkataba

Hesabu ya mwenye pikipiki elfu kumi kila siku, mvua inyeshe isinyeshe. Nilianza kunywa ili nipate usingizi. Mkataba uliisha Februari, pombe bado.

Mama Ntilie wa Mbagala

Bodaboda, hilo nalo lina matibabu, tafadhali usilifiche hospitali.

Kuna aliyeniandikia kuwa wanawake tunapenda mikopo. Ndugu yangu, benki inataka hati ya nyumba, mimi nina masufuria. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inataka mkopeshaji awe na leseni, lakini mtoto karudishwa nyumbani kwa michango, nani atakumbuka kuuliza leseni?

Mimi nilimwambia baba watoto. Alinyamaza, akatoka, nikajua ndoa imekwisha. Akarudi na daftari jipya na kalamu, akasema, "Taja moja moja." Tuliandika mpaka saa saba usiku. Kesho yake alikwenda mwenyewe kwa mwenyekiti wa kikundi cha mikopo, wakakubali rejesho dogo. Mapigo ya moyo hayakukoma siku hiyo, yalichukua miezi, na kliniki naenda mpaka leo.

Mgeni

Rejesho langu ni kesho saa nne. Mume hajui. Nina elfu kumi na mbili tu. Naandikia chooni, nimechoka kabisa jamani.

Mama Ntilie wa Mbagala

Mdogo wangu, nimekuandikia faragha, fungua sasa hivi. Hiyo elfu kumi na mbili ni ya chakula cha watoto, usimpe mtu. Uko upande gani wa mji? Nani yuko nawe hapo nyumbani usiku huu? Nijibu hata kwa neno moja, silali.