Triumvirat: nianze na Illusions on a Double Dimple au Spartacus?

MpangaSanturi
Wakuu, salaam. Mimi ni mtu wa ELP (Emerson, Lake & Palmer, bendi ya Uingereza) tangu zamani, kinanda cha Hammond na sintesaiza ya Moog zikilia naacha hata kula. Juzi nimeelekezwa Triumvirat, bendi ya Köln iliyoanza 1969 chini ya mpiga kinanda Jürgen Fritz. Mwezi huu nina hela ya santuri moja tu, na muuzaji anazo mbili: Illusions ya 1974 na Spartacus ya 1975. Zote jaladani kuna panya mweupe, kwenye Illusions anatoka kwenye yai, kwenye Spartacus yumo ndani ya balbu. Nichukue ipi?

BesiNzito
Illusions, funga mjadala. Nyimbo mbili tu, kila mmoja umejaza upande mzima, zaidi ya dakika 20. Upande wa kwanza unaanza kwa upole, ukidhani umetulia kinanda kinakuja kama treni. Upande wa pili, Mister Ten Percent, wanamsema meneja anayekula asilimia yake huku wenzake ndio wanaotoka jasho. Yangu niliazimisha mtu, mpaka leo haijarudi.

Nyundo_ya_Hammond
Mkuu, kama umekulia ELP utasikia umeshawahi kula chakula hiki. Watu watatu, kinanda mbele, hakuna mpiga gitaa wa kudumu, wimbo mmoja upande mzima kama Tarkus ya ELP ya 1971. Hata kuazima muziki wa classical kama ELP wamo, Mozart kaingia: santuri yao ya kwanza, Mediterranean Tales ya 1972, inafungua kwa utangulizi wa opera yake. Ningekuwa wewe hela hiyo ningeiweka kwenye toleo safi la santuri ya ELP.

DadaWaRhein
@Nyundo_ya_Hammond hapo umewaonea. Mimi naishi Köln (mji uleule ilikotangazia Idhaa ya Kiswahili ya Deutsche Welle waliyoisikiliza wazee wetu, kabla haijahamia Bonn 2003), na hizi santuri nimezisikiliza mpaka zimekwaruza. Emerson wa ELP alikuwa anashambulia kinanda, utadhani ana kesi nacho. Fritz anakibembeleza. Sauti zake ni safi, kila noti unaihesabu, na akishapata wimbo mtamu hauachi mpaka uuimbe jikoni. Kwa wengine huo ndio udhaifu wao, ni watamu mno. Sibishi.

Ila swali la mleta uzi halihusu kinanda hata kidogo. Fritz ni yuleyule kwenye zote mbili. Msikilize Helmut Köllen, mpiga besi na mwimbaji. Kwenye Illusions sauti yake inaibuka na kupotea, nyimbo ni ndefu na ala zina nafasi kubwa. Kwenye Spartacus kazi imekatwa vipande tisa, kisa ni cha yule mtumwa wa Capua aliyewaasi Warumi mwaka 73 K.K., maneno kaandika mpiga dramu Hans Bathelt, na Köllen ndiye anayekibeba. Kuna nyimbo mle anapiga gitaa kavu na kuimba, kinanda kimekaa kando. Ni nzuri kuliko mbio zote za Moog.

BesiNzito
Dada, Spartacus ni ya redio. Ndiyo maana ilifika namba 27 kwenye chati ya santuri Marekani.

DadaWaRhein
Sasa kufika namba 27 limekuwa kosa?

Chekecheke
Samahani kuingilia, nimeona Old Loves Die Hard ya 1976, imeandikwa anaimba Palmer. Yule wa ELP alihamia huku?

Nyundo_ya_Hammond
Hapana 😂 Wa ELP ni Carl, mpiga dramu. Huyu ni Barry, Mwingereza pia, baadaye aliimba na Mike Oldfield.

DadaWaRhein
Old Loves si mbaya, ila Köllen alikuwa ameshaondoka kwenda kufanya kazi zake. Jina lenyewe maana yake ni watawala watatu. Figa moja likitoka, sufuria inayumba. Pompeii ya 1977 ina moto wake, Curt Cress kwenye dramu si mchezo, lakini hata jina la bendi walishaongeza "New" mbele. À la Carte ya 1978 mpe usiyempenda.

Köllen alifariki Mei 1977, ana miaka 27. Alikuwa garini ndani ya gereji, injini inawaka, akisikiliza rekodi zake mwenyewe. Moshi ukamzidi. Santuri yake binafsi ilitoka yeye hayupo. Tangu nijue hilo, nikiweka Spartacus huwa sifanyi kitu kingine mpaka iishe.

Nyundo_ya_Hammond
Sikulijua hilo. Basi ngoja niirudie usiku wa leo, nilikuwa naisikiliza nikiwa natafuta makosa.

MpangaSanturi
Mrejesho: nimechukua panya wa kwenye balbu. Upande wa kwanza nimeurudia mara tatu, jirani kagonga ukuta mara moja. @BesiNzito usinune, hiyo Illusions yako bado ipo pale dukani, nimeangalia, haina hata mkwaruzo.

BesiNzito
Duka gani hilo mkuu? Njoo PM haraka.